Ni kweli Kanisa liliwachoma watu kwa kusoma Biblia? Binti yangu kaniuliza, sina jibu

mama_mwaloni

Wakuu, habari za humu. Mnivumilie, maelezo yangu ni marefu kidogo.

Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Nimezaliwa Mkatoliki na nimeolewa na Mkatoliki, ila wadogo wawili wa mume wangu walishahamia kanisa jingine. Sitalitaja, maana shida yangu si jina la kanisa. Tumeishi nao vizuri miaka yote. Wakija mjini wanalala kwangu, tukienda kijijini tunalala kwao.

Hivi karibuni mama mkwe alifariki. Tukamvusha kwa kivuko cha Kamanga kwenda kumzika kwao, upande wa Sengerema. Marehemu alikuwa Mkatoliki tangu usichana wake, rozari haikumtoka mkononi. Tumefika nyumbani, jeneza limewekwa chini ya turubai ili watu waage, shemeji mmoja akasogea. Akafungua vidole vya mama yake kimoja kimoja, akaitoa rozari, akaitia mfukoni. Akasema mama amelala, hajui neno lolote, na hakuna mahali Neno la Mungu linaposema marehemu aombewe. Katekista akasema lipo. Shemeji akasema nionyeshe. Katekista akafungua Wamakabayo, akasoma kwa sauti. Shemeji naye akafungua Biblia yake, akapekua, akasema kitabu hicho hakimo, mmekiongeza ninyi.

Hapo ndipo zogo lilipozuka. Jua likageuka, turubai likawa halilifuniki jeneza tena, na hakuna aliyesogeza chochote kwa sababu kila mtu alikuwa anabishana. Wazee wameinamisha vichwa tu. Tulikuja kuzika saa kumi na moja jioni, nusu ya waombolezaji wako kaburini, nusu wamebaki chini ya mwembe.

Binti yangu wa kidato cha tatu aliyaona yote hayo. Baadaye akaja na kijikaratasi alichopewa na binamu yake. Kinasema Kanisa Katoliki lilipiga marufuku Biblia na likaua mamilioni ya watu walioisoma, kwamba Mfalme Konstantino ndiye aliyechagua vitabu vya Biblia kule Nikea, na kwamba vingine vimefichwa Vatikani hadi leo. Nikampelekea kiongozi mmoja wa upande wetu. Akanijibu kwa mkato: huo ni uongo wa maadui wa Kanisa, kakichome. Binti akaniuliza, "Mama, kama ni uongo, kwa nini tukichome badala ya kukijibu?"

Sikuwa na la kumwambia. Naomba anayejua historia anieleweshe. Anayejua kutukana tu apite.

nyakato_kwetu

Dada, pole sana kwa msiba. Lakini ukweli usemwe.

William Tyndale alitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwenda Kiingereza. Kwao Uingereza hakuruhusiwa, ikabidi akimbilie Ujerumani, kikachapwa Worms mwaka 1526. Vitabu vikaingizwa kwa siri ndani ya marobota ya nguo. Askofu wa London, Cuthbert Tunstall, akavikusanya akavichoma moto hadharani. Tyndale mwenyewe alisalitiwa na mtu aliyekula naye meza moja kule Antwerp, akafungwa zaidi ya mwaka, na Oktoba 1536 akanyongwa kisha mwili ukachomwa huko Vilvoorde, karibu na Brussels. Alichotaka ni kijana anayeswaga plau shambani aijue Biblia kuliko padre.

Jan Hus, padre na mhubiri wa Prague, alichomwa akiwa hai tarehe 6 Julai 1415, na alikuwa amepewa barua ya mfalme ya kumhakikishia usalama. Haya hayakutungwa na maadui. Yamo kwenye kumbukumbu zao wenyewe. Mwambie binti yako asidanganywe.

mtumishi_altareni

Nyakato, hiyo Biblia unayoitumia kuwapigia Wakatoliki nani alikutunzia? Miaka elfu moja kabla ya mashine ya kuchapa, wamonaki ndio walioinakili kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Na usiseme Kanisa lilikataza watu wasisome kwa lugha yao. Kijerumani kilikuwa na Biblia nzima iliyochapwa Strasbourg mwaka 1466, Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, hajazaliwa. Hadi anatoa Agano Jipya lake mwaka 1522 zilishatoka chapa 18 za Biblia nzima za Kijerumani. Hilo mbona hamlisemi?

mwl_nyegezi

Mama, pole kwa kufiwa. Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu. Ni Mkatoliki, nimebatizwa Bukumbi. Nayatanguliza hayo ili huyo aliyekuambia ukachome karatasi asije akasema jibu hili limeandikwa na adui. Binti yako ameuliza swali la haki, na anastahili kujibiwa bila kufichwa kitu.

Watu walichomwa, ndiyo. Nyakato hajasema uongo hata sentensi moja. Mtumishi naye hajasema uongo. Ila kila mmoja amebeba nusu iliyo upande wake, na kwa nusu hizo mbili ndiyo mnazika watu juani.

Nianze na marufuku. Mwaka 1229, baada ya vita ya miaka 20 dhidi ya Wakathari, kundi la kusini mwa Ufaransa lililohesabiwa la wazushi, sinodi ya Toulouse ilikataza walei kuwa na vitabu vya Agano la Kale na Jipya. Waliachiwa Zaburi na vitabu vya sala, navyo si kwa lugha ya nyumbani. Uingereza, mwaka 1409, Askofu Mkuu Thomas Arundel alikataza mtu yeyote kutafsiri Maandiko kwa Kiingereza bila idhini ya askofu. Kwa hiyo marufuku ilikuwepo, tena kwa maandishi. Lakini enzi hizo haikuwa ya Kanisa zima, na ndiyo maana Wajerumani walikuwa na chapa zao 18 wakati Mwingereza akikutwa na kurasa chache anapelekwa mahakamani.

Tofauti hiyo imetokana na nini? Tazama nani alikuwa anaogopa nini. John Wycliffe, mwalimu wa Oxford ambaye wafuasi wake ndio walioleta Biblia ya Kiingereza, hakuishia kwenye tafsiri. Aliandika kwamba viongozi wa kanisa wakiwa waovu, serikali ina haki ya kuwanyang'anya mali. Hapo aligusa mashamba, kodi na zaka. Mwaka 1381 wakulima wakaasi, wakaingia London na kumkata kichwa Askofu Mkuu. Kuanzia hapo, mtu mwenye Biblia ya Kiingereza alitazamwa kama mtu mwenye silaha. Mwaka 1401 sheria ya kuwachoma wazushi ikapita. Naomba uliangalie hili vizuri mama: aliyeipitisha ni mfalme na bunge lake.

Hivi ndivyo kesi hizo zilivyokuwa zinakwenda. Mahakama ya kanisa inamhoji mtu na kumtaka akane. Akikataa, inamtangaza mzushi na kumkabidhi kwa serikali, na serikali ndiyo inayowasha kuni. Wapo wenzangu Wakatoliki wanaojitetea hapo, wanasema Kanisa halikumchoma mtu, serikali ndiyo ilichoma. Mimi siukubali utetezi huo hata kidogo. Mtaguso wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 1215 uliagiza watawala wawaondoe wazushi katika nchi zao, na mtawala asiyefanya hivyo apoteze nchi yake. Unayempeleka mtu kwa mnyongaji huku unajua kinachomsubiri, mikono yako haiwezi kuwa safi.

Hus alipohukumiwa kwenye mtaguso wa Konstanz, walimvika mavazi yote ya misa ndani ya kanisa kuu, kisha wakamvua moja moja, wakamnyang'anya kalisi, kikombe cha misa, mkononi, wakamvika kofia ndefu ya karatasi iliyochorwa mashetani. Ndipo wakamkabidhi kwa watu wa mfalme. Majivu yake yakatupwa mto Rhine. Mtaguso huo huo ulimhukumu Wycliffe, ambaye alikuwa amekufa tangu mwaka 1384 na kuzikwa kwenye uwanja wa kanisa lake Lutterworth. Mwaka 1428 wakaenda kufukua mifupa, wakaichoma, majivu wakayatupa kwenye kijito cha Swift. Mimi ni Msukuma, kwetu kaburi halichezewi, na kila nilipofika hapo darasani wanafunzi walikuwa wananyamaza wote. Nimelikumbuka hilo niliposoma habari ya rozari ya mama mkwe wako.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana binamu wa binti yako hawezi kuyakuta haya kwenye kijikaratasi chake.

Zurich ulikuwa mji wa Waprotestanti, chini ya mhubiri Ulrich Zwingli. Tarehe 5 Januari 1527 baraza la mji lilimtoa kijana mmoja, Felix Manz, likampakia kwenye mashua mto Limmat. Wakamfunga mikono, wakaishusha chini ya magoti, wakapitisha fimbo katikati asiweze kujinyoosha, wakamsukumia majini. Mama yake alikuwa ukingoni. Kosa lake ni kubatiza watu wazima waliokwisha kubatizwa utotoni. Hapa Mwanza kila wiki utaona makanisa yakibatiza watu wazima ziwani, wanaimba, wanapiga makofi. Kwa kitendo hicho hicho Waprotestanti walimzamisha mtu, na miaka miwili baadaye, kwenye mkutano wa Speyer wa mwaka 1529, watawala Wakatoliki na watawala wa upande wa Luther walikubaliana kwamba anayebatiza upya auawe. Walikuwa wamegombana karibu kwa kila jambo, wakapatana katika hilo.

Geneva, mji wa mhubiri Mprotestanti John Calvin, ilimchoma Michael Servetus tarehe 27 Oktoba 1553 kwa kukana Utatu. Uingereza, Malkia Mary Mkatoliki alichoma Waprotestanti karibu 280 ndani ya miaka isiyofika minne. Dada yake Elizabeth Mprotestanti alipotawala, mapadre Wakatoliki walinyongwa na kupasuliwa matumbo wakiwa bado na uhai. Aliyeshika upanga wa serikali ndiye aliyeua, na aliyekuwa chini ndiye aliyehubiri uvumilivu hadi siku alipopanda juu.

Baada ya Servetus kuchomwa alitokea mwalimu mmoja Mprotestanti huko Basel, Sebastian Castellio, akaandika kumjibu Calvin kwamba kumuua mtu si kulinda mafundisho, ni kumuua mtu. Alikufa kesi ya uzushi ikiwa inamnyemelea. Ningependa binti yako alijue jina hilo kabla hajayajua ya wafalme.

Kuhusu mamilioni: hapana. Wanahistoria waliopekua majalada ya mahakama za uzushi za Hispania, zilizodumu tangu mwaka 1478 hadi 1834, wanakadiria waliouawa ni kati ya 3,000 na 5,000. Sisemi ni wachache. Hata mmoja alikuwa mtu na alikuwa na mama yake. Ila ukiongeza uongo juu ya damu ya kweli unampa mwenzako nafasi ya kuikana yote.

Vitabu kufichwa Vatikani: nyaraka za Vatikani zilifunguliwa kwa watafiti mwaka 1881, na zile za mahakama ya uzushi mwaka 1998. Orodha ya vitabu vilivyokatazwa ilikuwepo kweli, ilianza 1559, ikafutwa 1966.

Mtaguso wa Nikea mwaka 325 haukuchagua vitabu vya Biblia. Ulikutana kwa ajili ya mafundisho ya padre Ario wa Aleksandria kuhusu Kristo. Lakini kuna jambo baya lilianzia pale, na kijikaratasi hakikuliona: Konstantino alimfukuza Ario nchini, na baadaye akaamuru maandishi yake yachomwe na atakayeyaficha auawe. Hapo ndipo kubishana juu ya imani kulipokuwa kosa la jinai. Miaka 60 baadaye, askofu Prisiliani wa Hispania alikatwa kichwa mjini Trier kwa amri ya mfalme Mkristo. Maaskofu waliomshtaki walikuwepo. Lakini askofu Martino wa Tours alimsihi mfalme asimwage damu, na alipomwaga, Martino akakataa ushirika na wale maaskofu. Kwa hiyo msiseme watu wa zamani hawakujua. Walioona ubaya huo walikuwepo tangu siku ya kwanza.

Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo leo inaonekana mara ya kwanza kwenye barua ya Pasaka ya askofu Athanasi wa Aleksandria, mwaka 367. Konstantino alikuwa kaburini miaka 30.

Nimalizie na ziwa letu, maana watu wanadhani hizi ni habari za Ulaya. Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaua vijana wa nyumba yake kati ya mwaka 1885 na 1887. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 tunawakumbuka kwa majina, na wengi walichomwa pamoja Namugongo tarehe 3 Juni 1886, kuni moja, moto mmoja. Mwaka 1888 Mwanga akapinduliwa, akavuka ziwa kuja huku kwetu, akafikia Magu, na baadaye akapokelewa na mapadre Bukumbi. Aliyewachoma wanafunzi wao walimpa hifadhi. Nikiwa mtoto tulisimuliwa habari hiyo kwa fahari, na nadhani inastahili fahari. Lakini yaliyofuata hatukusimuliwa. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki, wenzao waliochomwa pamoja hawajatimiza miaka sita. Lugard, ofisa wa kampuni ya Waingereza, akaelekeza bunduki yake ya Maxim kwa Wakatoliki, wakakimbilia visiwani na baadaye Buddu. Hata majina ya vyama vyao yalikuwa ya wageni: Wafransa na Waingereza. Waganda watupu, wanauana kwa majina hayo.

Kwa nini nayaandika haya kwa uchungu? Baba yangu alinyimwa komunyo muda mrefu kwa sababu alicheza ngoma ya mavuno. Parokia siitaji, na padre mwenyewe alishatangulia mbele za haki. Baba alikuwa anakwenda misa kila Jumapili, anakaa benchi la nyuma, wenzake wakisimama kwenda mbele yeye anabaki ameketi. Leo ngoma hizo hizo zinapigwa kanisani wakati wa matoleo. Hakuna aliyekuja kumwambia neno.

buchani_igoma

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mwislamu, nina bucha huku Igoma, nimesoma mpaka mwisho.

Na sisi tunayo ya kwetu. Khalifa al-Ma'mun mwaka 833 aliwaita wanazuoni wahojiwe kama Qur'ani imeumbwa au haikuumbwa. Asiyejibu anavyotaka yeye anafungwa. Imam Ahmad ibn Hanbal alikataa, akafungwa, akachapwa mijeledi chini ya khalifa aliyefuata. Tunamsoma madrasa kama shujaa, lakini mara chache tunasema kwamba waliomchapa walikuwa Waislamu wenzake na walidhani wanailinda dini.

Na msiende mbali sana. Februari 2013, Buseresere, hapo tu mkoa wa Geita, mchungaji aliuawa katika vurugu za nani achinje. Nilikuwa buchani siku zile. Wateja wa miaka mingi walikuwa wanaipita meza yangu hawanisalimii, na mimi pia kuna niliowatazama kwa jicho baya. Nyama ilikuwa ile ile.

Mama, poleni kwa msiba.

nyakato_kwetu

Mwalimu, habari ya Manz sikuwahi kuisikia, na mimi nilibatizwa ziwani pale Igombe. Nimeisoma mara mbili. Lakini swali langu bado lipo: Wamakabayo je? Vitabu 66 au 73?

mwl_nyegezi

Buchani, marahaba. Umeandika vizuri, na hilo la Buseresere lilinipita, asante kwa kulileta.

Nyakato, vitabu hivyo saba vilikuwemo kwenye Biblia ya Kigiriki waliyoitumia Wakristo wa mwanzo wengi, lakini Wayahudi hawakuviweka kwenye orodha yao ya Kiebrania. Ubishi ukaanza mapema. Jeromu, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliviona vya daraja la chini. Augustino alivikubali. Kwa zaidi ya miaka elfu moja vikasomwa kanisani huku wasomi wakibishana, na hakuna aliyechomwa kwa sababu hiyo. Luther mwaka 1534 hakuvitoa. Alivihamishia sehemu ya peke yake, akasema si sawa na Maandiko Matakatifu ila vyafaa kusomwa. Mtaguso wa Trento mwaka 1546 ukatangaza ni Maandiko kamili na kumlaani asiyekubali. Hata Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, ya mwaka 1611, ilivichapa. Vilianza kupotea mikononi mwa watu hasa baada ya mwaka 1826, pale Chama cha Biblia cha Uingereza kilipoamua kutotoa tena fedha kwa Biblia zenye vitabu hivyo, na Biblia nyingi zilizofika Afrika zilipitia mkono wa chama hicho.

Kwa hiyo mama, shemeji yako alipopekua hakukiona kitabu, na hakusema uongo. Katekista alikisoma kitabu kimo, naye hakusema uongo. "Mmekiongeza ninyi" ndilo neno ambalo si kweli, sawa na mtu wetu akisema "mmekichana ninyi". Wote wawili wamerithi ugomvi wa watu wa miaka 500 nyuma.

Nikukosoe jambo moja, mtumishi, kwa upendo: hoja yako kwamba wamonaki waliitunza Biblia ni ya kweli, lakini usiitumie kama risiti ya kumdai mtu. Mtaguso wa pili wa Vatikani ulisema mwaka 1965 kwamba waamini wote wafunguliwe mlango mpana wa kuyafikia Maandiko, na mwaka huo huo ukasema hakuna mtu wa kulazimishwa katika mambo ya imani. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema anajuta sana kwa kifo cha kikatili cha Hus, na tarehe 12 Machi 2000 aliomba msamaha hadharani kwa dhambi zilizofanywa kwa jina la kuitetea kweli. Kama Papa ameweza kulitamka, wewe na mimi tunaona aibu gani?

mtumishi_altareni

Nimekuelewa mwalimu.

mama_mwaloni

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma yote kwa sauti jana usiku, mimi na mume wangu na binti. Mume wangu alitoka nje katikati, kwenye habari ya mifupa. Nadhani alikuwa analia, sikumfuata.

Arobaini ya mama inakaribia. Nilimpigia shemeji. Sikumwambia habari ya vitabu wala ya Hus. Nilimwomba rozari ya mama, nikamwambia sitaki kubishana, ile ilikuwa ya mkononi mwake na wajukuu wanaiulizia. Akakaa kimya, kisha akasema ipo, hajaitupa. Amesema atakuja, ila wakati wa sala ya marehemu atatoka nje. Je, nimkubalie? Katekista wetu anasema akija lazima akae mpaka mwisho.

Na binti anauliza: huyo Athanasi aliyeandika orodha, alikuwa upande wa walioshinda? Kwa sababu anaona walioshinda ndio wanaoandika orodha.

mwl_nyegezi

Marahaba mwanangu. Mkubalie. Mwambie na katekista kwamba nimesema mimi. Mwekeeni shemeji kiti nje mahali penye kivuli, na sala ikiisha aitwe wa kwanza kwenye chakula. Nafasi ya kusoma somo mpe naye, achague mwenyewe kwenye Biblia yake. Hata akichagua Mhubiri 9, pale panaposema wafu hawajui neno lolote, mwacheni asome.

Binti ameuliza swali ambalo hata chuo kikuu lingestahili kuulizwa. Mjibu hivi: Athanasi alishinda mwishoni, lakini orodha hakuiandika akiwa mshindi. Alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano. Konstantino alimpeleka Trier mwaka 335. Konstansio wa Pili, mwana wa Konstantino, alimfukuza mara mbili, ya kwanza akakaa Roma, ya pili akajificha jangwani Misri kwa wamonaki miaka sita. Juliani akamfukuza mwaka 362, Valensi akamfukuza mwaka 365. Wanne wote ni wafalme, na watatu kati yao walijiita walinzi wa imani ya Kikristo. Naye Athanasi hakuwa mpole kwa wapinzani wake, hilo pia mwambie. Alirudi mwanzoni mwa 366, na barua yenye orodha ni ya Pasaka ya mwaka uliofuata.

Akitaka kuendelea, nina vitabu vya historia ya Kanisa hapa Nyegezi, vingine vimeandikwa na Wakatoliki, vingine na Waprotestanti. Aje na mama yake siku ya Jumamosi mchana, na yule binamu aliyempa kijikaratasi aje naye.